Vipimo Safi, Tumbo Linauma: Mgonjwa Huyu Aende Wapi?

Ukiumwa tumbo Kagugu, mtaa wa Kigali, safari huanzia duka la dawa. Unamweleza muuzaji kwamba panachoma hapa kwenye chembe cha moyo, na usiku ndiyo huzidi, naye anakufungia vidonge vya kupunguza asidi, pengine na vya minyoo juu yake. Nafuu ikikawia unakwenda kituo cha afya na kadi ya mituweli, bima ya afya ya jamii, mkononi. Hapo mwanachama amechangia faranga 200 tu kwa miaka mingi, na Mtanzania au Mkenya anayesoma haya ana haki ya kuona wivu. Unapimwa choo, damu, malaria. Jibu lisipopatikana unaandikiwa rufaa ya hospitali ya wilaya, ambayo kwa watu wengi wa Gasabo maana yake ni Kibagabaga, na huko unachangia asilimia 10 ya bili. Ikishindikana unapelekwa juu zaidi, hospitali ya chuo kikuu ya CHUK, kusubiri zamu ya kamera inayopitishwa kooni. Kila safari nauli ya pikipiki, kila safari ruhusa ya kazini, na siku ya kipimo unashinda na njaa. Halafu siku moja daktari anapanga karatasi zako mezani na kukuambia kwa furaha ya kweli: vipimo vyote safi, huna ugonjwa.

Daktari hakosei kufurahi. Alikuwa akitafuta saratani, kidonda kinachovuja damu, jiwe kwenye nyongo, na hakuviona. Lakini mgonjwa anatoka na tumbo lile lile aliloingia nalo, na sasa hana cha kumwambia bosi, mume, mke wala mama mkwe. Jana alikuwa mgonjwa anayesubiri majibu. Leo ni mtu mzima anayelalamika.

Niseme wazi ninachoamini. Mawazo ya kujiua yanayomjia mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo hayaletwi na maumivu peke yake. Huletwa na maumivu yaliyokosa shahidi, na upungufu huo unatibika bila mashine yoyote.

Mwaka 2004 watafiti wa Manchester, Uingereza, akiwemo daktari Peter Whorwell, walifanya jambo ambalo wenzao wengi huliogopa: waliwauliza wagonjwa wa tumbo kama wamewahi kuwaza kujiua kwa sababu ya tumbo. Wagonjwa hao walikuwa na tumbo la kusokota, gesi, kuhara na kufunga choo, huku utumbo ukionekana mzima. Miongoni mwa waliokwisha kufika hadi kliniki ya bingwa, asilimia 38 walisema ndiyo. Kundi jingine lilikuwa la watu wenye ugonjwa wa utumbo unaoonekana kwa macho, wenye vidonda na uvimbe ambao kamera inaupiga picha. Hao waliosema ndiyo walikuwa asilimia 15. Waliotibiwa na daktari wa kawaida wa mtaa, bila kuzungushwa, walikuwa asilimia 4. Na walipoeleza kilichowafikisha huko walitaja ukali wa maumivu, maisha yaliyosimama, na matibabu yasiyosaidia kitu. Msomaji anaweza kusema waliofika kwa bingwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, na ni kweli kwa sehemu. Bado mimi nasoma takwimu hizo pia kama hadithi ya watu waliopitishwa mlango hadi mlango, kila mlango ukiwarudishia mzigo wao.

Maumivu yao si ya kubuni. Mwaka 1973 daktari mmoja Mwingereza, Ritchie, aliingiza puto dogo kwenye utumbo mpana wa wagonjwa wa aina hii na kulijaza hewa polepole. Waliumia mapema, kwa kiasi cha hewa ambacho watu wengi wazima hawakukihisi kuwa maumivu. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu unaozungumza na ubongo usiku na mchana. Mtandao huo ukishakasirika, labda baada ya kuhara kukali, labda baada ya mwaka mbaya, chakula cha kawaida na gesi ya kawaida hufika ubongoni kama kengele ya hatari. Kamera huona ukuta wa tumbo. Hasira ya mishipa haioni. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta zaidi ya watu 40 katika kila 100 waliohojiwa kwa mtandao wana angalau tatizo moja la namna hii, kuanzia kiungulia kisicho na kidonda hadi choo kisichotulia. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kwa hesabu hiyo kitanda hiki tumekilalia wengi.

Kwa kuwa binadamu hawezi kukaa na maumivu yasiyo na jina, atalitafuta jina popote. Hapa ndipo biashara inapoingia. Taifodi ndilo jina linalopatikana kwa bei nafuu kuliko yote: kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi za mitaani Afrika Mashariki kinajulikana kwa kutoa majibu yasiyoaminika, na wapo watu waliotibiwa taifodi mara nyingi ambao hawakuwahi kuwa nayo. Baada yake kuna amiba, na vidonge vyake vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Kuna vidonda vya tumbo, jina ambalo mtu hujipa mwenyewe hata kabla ya kupimwa. Na kuna sumu. Kigali, kama ilivyo Bukavu na Goma, tumbo lisilopona huamsha swali la nani alimlisha mgonjwa nini, kwenye harusi ipi, kwa mkono wa jirani gani. Waganga wa kutapisha sumu hawakosi wateja. Sitawacheka wateja hao, maana wameahidiwa kitu ambacho hospitali imewanyima, yaani maelezo. Ila bei yake ni kubwa kuliko fedha inayolipwa. Mtu anayeanza kumshuku shemeji na jirani wa mlango wa pili anajikatia kamba zile zile atakazozihitaji saa nane za usiku, mawazo mabaya yakimjia.

Madaktari nao wana sababu ya kuwa wanyenyekevu, na sababu hiyo ni bakteria. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliambiwa kwamba wana wasiwasi mno, wapunguze mawazo, wanywe maziwa. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Hawakuaminiwa. Marshall akamnywa mwenyewe, akaugua, akajipima. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Vidonda vingi vilivyoitwa vya mawazo vilikuwa na mdudu, na antibiotiki iliviponya. Katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butare, uchunguzi mmoja ulimkuta bakteria huyo kwa takriban watu watatu katika kila wanne waliopimwa tumbo kwa kamera, na uchunguzi mwingine hapo hapo ukakuta zaidi ya theluthi ya wafanyakazi wa hospitali wenyewe wanasumbuliwa na chembe cha moyo. Kwa hiyo mganga na mgonjwa wako kwenye foleni moja, jambo linalonichekesha kidogo. Lakini tahadhari: kumkuta bakteria si lazima kuwe kumkuta mkosaji, kwa sababu watu wengi wanaye na hawaumwi popote. Ndiyo maana wapo wanaomaliza dawa zote, kipimo kikaonyesha hayupo tena, na tumbo likaendelea kuuma.

Daktari akisema «hatujaona kitu» amesema kweli. Akisema «huna ugonjwa» amesema zaidi ya anachojua.

Sasa upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi 14, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999: miongoni mwa watu wenye sonona waliofika kwa daktari, asilimia 69 walitaja maumivu ya mwili tu. Mgongo, kichwa, tumbo. Hawakusema neno juu ya huzuni. Walipoulizwa ana kwa ana kuhusu moyo wao, karibu tisa katika kila kumi walikiri. Siri haikuwa nzito kiasi hicho, ilihitaji kuulizwa tu.

Rwanda ina methali inayoeleza jambo hili kuliko takwimu yoyote: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Husemwa kumsifu anayevumilia. Mimi naisoma kama maelezo ya ugonjwa. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 12 ya watu wana sonona, na asilimia 35 miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994, machozi yaliyotiririkia tumboni ni mengi. Uchunguzi huo ulikuwa na namba nyingine iliyonikaa kichwani: watu wapatao 62 katika kila 100 walijua kuwa huduma za afya ya akili zipo, na waliozitumia walikuwa 5.

Kwa nini pengo kubwa hivyo? Jibu moja linaitwa Ndera. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwishoni mwa miaka ya 1960, imewatibu Wanyarwanda wengi na inastahili heshima. Lakini katika mizaha ya Kigali kumwambia mtu aende Ndera ni kumtukana. Basi mgonjwa wa tumbo akiambiwa «nakuandikia umwone mtaalamu wa akili» mara tu baada ya «huna ugonjwa», anasikia hukumu: wewe ni mwongo au ni kichaa. Karatasi ya rufaa inaishia mfukoni. Makosa hapa ni ya mpangilio wa maneno. Swali la moyo lingeulizwa siku ya kwanza, pamoja na swali la choo na la hamu ya kula, lisingekuwa adhabu ya vipimo kukosa jibu. Muuguzi wa kituo cha afya, akiandika dalili, anaweza kuuliza: unalala? Kuna wakati maumivu yakizidi unaona heri usiwepo? Umewahi kufikiria kujiua? Hofu kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo imechunguzwa mara nyingi na haikuthibitishwa. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi. Na si lazima apelekwe Ndera. Hospitali za wilaya zina idara za afya ya akili, na kituo cha afya kinaweza kuanzisha matibabu.

Najua pingamizi. Muuguzi ana foleni hadi nje, na kila swali ni dakika. Pia kuna hatari ya kinyume: daktari mvivu atasikia neno huzuni, aache kutafuta, na saratani ipite. Pingamizi hili la pili ni zito. Anayepungua uzito bila sababu, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayeshindwa kumeza, anayekuwa mweupe kwa kukosa damu, au ambaye maumivu yake yameanza uzeeni, huyo achunguzwe haraka hata kama analia kila siku. Huzuni haizuii mtu kuwa na uvimbe. Mgonjwa mmoja anaweza kutafutiwa ugonjwa wa tumbo na kutibiwa sonona wiki hiyo hiyo, kama anavyotibiwa mwenye kisukari na jino bovu. Dawa yenyewe wakati mwingine ni ile ile. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ikitolewa kwa dozi ndogo na daktari, huwapa nafuu watu wenye tumbo la kusokota, kama utafiti mkubwa wa Uingereza ulivyothibitisha mwaka 2023. Mgonjwa anayepewa bila kuelezwa atasoma karatasi ya ndani ya boksi na kukasirika, na nitakuwa upande wake.

Lakini kuna usiku. Asidi ya tumbo hupanda kati ya saa nne na saa nane usiku, wakati zahanati zimefungwa, pikipiki za abiria zimepungua barabarani na wa kuongea naye amelala. Uchovu hufanya tatizo la leo lionekane la milele. Mtu ambaye mchana alijisemea «natamani maumivu haya yaishe» usiku anaanza kuchanganya kuisha kwa maumivu na kuisha kwake mwenyewe. Ni vitu viwili tofauti. Wengi waliopita hapo wanasimulia kwamba wazo hilo huja kwa kishindo, hukaa kileleni kwa dakika au saa, kisha huteremka, hata maumivu yakiwa hayajaisha. Kazi ya usiku basi ni kufika asubuhi, na kazi hiyo hupangwa mchana.

Barbara Stanley na Gregory Brown, wanasaikolojia wa Marekani, waligeuza maarifa haya kuwa karatasi moja. Mtu huandika dalili zake za hatari kwa maneno yake mwenyewe, mambo anayoweza kufanya akiwa peke yake, watu wa kukaa nao hata bila kuwaeleza, watu wa kuwaeleza, namba za wataalamu, na jinsi ya kuondoa nyumbani vitu vya hatari. Hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilipoitumia karatasi hiyo pamoja na kupiga simu baadaye, matendo ya kutaka kujiua yalipungua kwa asilimia 45 katika miezi sita, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2018. Kwa Kiswahili cha Kagugu karatasi hiyo inaweza kusema hivi: likianza kuchoma na nikianza kuhesabu miaka iliyobaki, nawasha taa, naweka chupa ya maji ya moto tumboni, nasikiliza redio, lisipotulia nakwenda kulala chumba cha dada, dada nimeshamwambia maana yake, dawa zote anatunza yeye, ananipa za siku. Haina ustadi wowote. Ubora wake ni kwamba imeandikwa na mtu akiwa na akili iliyotulia kwa ajili ya saa ambayo haitatulia.

Na huyo dada, au mume, au rafiki wa chuo, asijisumbue kutafuta maneno ya hekima. «Pole, naona unaumia, tukae» inatosha. «Acha kujiendekeza» na «wenzako wana saratani» zinaua, na sitaki kulainisha kauli hiyo. Anayeogopa dhambi ya jirani yake kuliko kifo cha huyo jirani amepotea njia, awe padri, sheikh au mama mzazi.

Linabaki jambo ambalo hospitali zetu zingeweza kuanza Jumatatu. Watafiti wa Shirika la Afya Duniani walifuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi tano: Brazil, China, India, Iran na Sri Lanka. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walikaa na mtaalamu kwa saa moja, kisha wakawa wanapigiwa simu au kutembelewa kwa tarehe zilizopangwa, hadi mara tisa katika miezi 18. Ripoti ya mwaka 2008 ilionyesha waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza ni asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2. Hakukuwa na dawa mpya wala kamera. Kulikuwa na mtu anayerudi.

Rwanda imeshajenga njia ya kufanya hivyo. Kila kijiji kina wajumbe wa afya, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao, na ambao tangu miaka ya 1990 wamebeba vita dhidi ya malaria na vifo vya watoto hadi dunia ikaja kujifunza. Mjumbe wa Kagugu anaijua nyumba ya kila mama mjamzito. Mpeni pia jina la mtu aliyeambiwa vipimo ni safi huku bado anaumwa, kwa ridhaa ya mtu huyo, na mumwombe apite baada ya wiki mbili. Na sheria iwe hivi katika kila hospitali, kuanzia Kibagabaga hadi Muhimbili: mgonjwa anaweza kuondoka bila jina la ugonjwa, lakini asiondoke bila tarehe ya kurudi.

Majirani wa Rwanda wana kazi ya ziada. Kenya kwa miaka mingi ilimweka aliyejaribu kujiua kwenye hatari ya kifungo cha miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kuwa kinyume cha katiba. Tanzania imebaki na kifungu kama hicho katika Kanuni yake ya Adhabu. Mgonjwa hawezi kumweleza daktari jambo ambalo polisi nao wanalitaka, kwa hiyo Dodoma ifuate.

Nasi waandishi tusijivue. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna, wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, walionyesha kwamba habari za watu waliofikiria kujiua kisha wakapata namna ya kuendelea huambatana na vifo kupungua. Magazeti yetu hupenda mwisho mbaya. Mimi nachagua mwisho mwingine. Charles Darwin aliteswa na tumbo kwa takriban miaka 40, akatapika, akajaribu hadi tiba ya maji baridi huko Malvern, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana alikuwa na nini. Katikati ya hayo aliandika kitabu chake cha mwaka 1859, akalea watoto, akafa mzee wa miaka 73. Sio kila mgonjwa atakuwa Darwin, wala hahitaji kuwa. Anahitaji kujua kwamba watu wamewahi kuishi na maumivu yasiyo na jina.

Kama wewe unayesoma ndiye mwenye tumbo hilo na mawazo hayo, usisubiri usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja kabla jua halijazama, kwa maneno haya haya: tumbo linaniuma na nimeanza kufikiria kujiua, naomba ukae nami. Kesho nenda kituo cha afya, useme yote mawili kwa pumzi moja. Ukiwa Rwanda, namba ya afya ni 114, na hatari ikiwa ya sasa hivi piga 912 kuita gari la wagonjwa; Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu; kwingineko nenda hospitali iliyo karibu, usiende peke yako. Simu haitakuuliza ugonjwa wako unaitwaje.